Jibu: Kifundo cha mkono kinauma baada ya kupiga gunia

Habari dada. Umesema una wiki tatu za mazoezi ya ngumi, kifundo cha mkono kinauma kila ukitoka kwenye gunia la mazoezi, uko mwanamke peke yako hapo, na unawaza kuacha. Tafadhali usiache bado.

Anza na bendeji, ule utepe wa kitambaa wa kufunga mikono kabla ya kuvaa glavu. Mimi nilianza na zile fupi za mita 2.7, nikateseka mwezi mzima. Nilipochukua za mita 4.5, nikazungusha kifundo mara tatu nne kabla ya kupanda vidoleni, maumivu yakaisha. Halafu tazama ngumi inapotua: iguse kwa konzi za kidole cha shahada na cha kati, mkono umenyooka sawa na kigasha. Na usipige kwa hasira ya bega. Nguvu inatoka miguuni na nyonga.

Kikivimba, au kikiuma hata umelala, hilo ni la daktari, si letu.

Kuhusu kuwa mwanamke peke yako, nilipitia hayo. Nilimwomba kocha anipe mwenza mmoja wa kudumu wa kunishikia pedi za kupigia ngumi. Leo tuko wanawake saba kila Jumamosi, na nikikosa siku moja tu, simu zinaanza kuita.