Nchi ikiwa vitani, anayehoji ni msaliti?

Tanzania haiko vitani leo. Lakini habari za mapigano ya Kongo mashariki zinaingia sebuleni kila jioni, na askari wetu wameshafia huko wakilinda amani. Desemba 2017, kule Semuliki, tulipoteza zaidi ya 10 katika shambulio moja. Ndiyo maana maswali kuhusu vita na uzalendo yamekuwa mengi. Haya ni machache kati yake.

Kijiweni kwetu Sinza tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu anasema nchi ikishaingia vitani, kila anayeipinga serikali anampa adui nguvu. Anatumia methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli huyo anayepinga si mzalendo?

Si kweli. Someni Ibara ya 44 ya Katiba. Rais ndiye anayetangaza kuwapo kwa hali ya vita. Akishatangaza, nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, na ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo Bunge lazima liitwe, litafakari hali ya mambo, lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kuliunga mkono. Hilo neno la pili, kutopitisha, ndilo jibu la kijiwe chenu. Walioandika Ibara hiyo walijua kwamba siku Bunge linakaa huenda mizinga imeshaanza kulia, na bado wakawaachia wabunge nafasi ya kukataa. Ibara ya 100 ikaongeza kwamba mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichokisema humo ndani.

Halafu someni Ibara ya 28, inayotaja wajibu wa raia katika ulinzi. Tunatakiwa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Serikali iliyopo madarakani haimo katika orodha hiyo. Methali ya mwenzenu ni nzuri, ila inakataza watu wengi kushika usukani kwa pamoja. Haimkatazi abiria kusema chombo kinavuja.

Na hofu kwamba adui atafurahi? Mei 1940 Uingereza ilikuwa inapigana na Wajerumani huko Norwei, na mambo yanakwenda vibaya. Tarehe 7 na 8 Bunge lao lilikaa likaishambulia serikali yake hadharani. Serikali ilishinda kwa kura 281 dhidi ya 200, lakini makumi ya wabunge wa upande wake walikuwa wameiacha mkono. Tarehe 10, siku ileile Wajerumani walipoivamia Uholanzi na Ubelgiji, Waziri Mkuu Chamberlain akajiuzulu na Churchill akashika nafasi yake. Kama wabunge wale wangenyamaza kwa jina la uzalendo, nchi yao ingebaki na kiongozi ambaye wenzake walikwisha kuona hawezi kuiongoza vita ile.

Mimi ni mzee wa Temeke, nilikwenda vitani mwaka 1978. Mwalimu alisema uwezo, sababu na nia tunavyo, tukaenda. Hatukuuliza maswali. Mnapotetea ubishi mnatudharau sisi na wenzetu tuliowazika.

Shikamoo mzee wetu. Hakuna neno katika safu hii linalokusudia kuwapunguzia heshima. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lile la Kagera ni lake, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Kumfukuza hakukuhitaji mjadala mrefu, na mliomfukuza tunawashukuru mpaka leo.

Ila tutazame kile alichokifanya Mwalimu tarehe 2 Novemba. Aliwaambia wananchi sababu. Kiongozi anayetaja sababu anawapa watu kitu cha kupima, na anakubali kwamba wanayo haki ya kupima. Kisha vita vile vilikuwa na maswali mawili, si moja. La kwanza: je, tumtoe Amin Kagera? La pili, lililokuja baadaye: je, tusonge mpaka Kampala, ambayo majeshi yetu na Waganda waliokuwa pamoja nayo waliitwaa tarehe 11 Aprili 1979? Mtu aliweza kukubali la kwanza kwa moyo wote na bado akauliza kuhusu la pili: lengo ni nini, gharama ni kiasi gani, vijana watarudi lini. Marais wenzake Mwalimu walimuuliza waziwazi katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979, naye akajibu kwa hoja. Gharama nazo mnazijua kuliko sisi. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mikanda ilibaki imefungwa muda mrefu zaidi ya hapo. Swali la gharama, lingeulizwa mapema, lisingemvunjia heshima marehemu yeyote.

Kuna jambo jingine, mzee, na tunalisema kwa upole. Ule ukimya wa 1978 hatuwezi kuuhesabu wote kuwa ni kukubali. Nchi ilikuwa na chama kimoja. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na hadi Machi 1988 raia alikuwa hawezi kwenda mahakamani kuzidai. Wengi waliunga mkono kwa dhati, wewe ukiwa mmoja wao. Aliyekuwa na shaka hakuwa na mahali pa kuisemea.

Na Mwalimu mwenyewe, mwaka 1958, alitiwa hatiani na mahakama ya mkoloni kwa kuandika maneno makali juu ya maofisa wa serikali. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au akae jela miezi 6. Ahadi ya mwana-TANU mnaikumbuka: nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Waliotunga maneno hayo walijua kwamba kweli na fitina ni vitu viwili, ingawa vyote viwili vinaweza kumuudhi mkubwa.

Ninasimamia kundi la WhatsApp la wafanyabiashara Kariakoo, tuko zaidi ya 400. Vita vikitokea nifute nini, niache nini?

Adui anahitaji vitu vitatu kutoka kwa raia: mahali, wakati na idadi. Chochote kinachompa kimojawapo, futa bila kusubiri ushauri. Yaani video ya msafara wa magari ya jeshi, hata kama aliyeirekodi anashangilia. Jina la kikosi na siku ya kuondoka. Meli inayopakia bandarini. Ujumbe wa sauti kutoka kwa askari aliye mstari wa mbele. Majina au picha za waliouawa kabla familia hazijaarifiwa. Mama hapaswi kupata msiba wake kwenye simu ya jirani.

Watu wengi hudhani picha ni salama kwa kuwa haina maelezo. Kibao cha barabara, mnara wa msikiti, rangi ya kituo cha mafuta, hata kivuli cha jua vinatosha kumwonyesha mjuzi ni wapi na saa ngapi. Tena picha ikitumwa kama faili, si kama picha ya kawaida, hubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa imewashwa huduma hiyo. Na ukishafuta kwa wote, kumbuka nakala huenda imeshaingia kwenye simu za wengine. Waandikie waifute huko pia. Siri za serikali zinalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na "nilitumiwa tu" si utetezi wa kuutegemea.

Maoni yaache. "Vita hivi havina faida kwetu", "warudisheni vijana", "fedha hizi zingekwenda hospitali": hakuna jenerali wa adui anayepanga shambulio kwa kutumia sentensi hizo. Zitawaudhi baadhi ya wanakundi. Waache wajibizane.

Katikati kuna madai, na hapa ndipo wasimamizi wengi hujikwaa. "Nadhani tunashindwa" ni maoni. "Kikosi chetu kimeangamizwa jana usiku" ni dai, na dai linahitaji aliyeona. Muulize aliyelileta: amelitoa wapi, lini, na je, hiyo video si ya vita vya nchi nyingine miaka mitano iliyopita? Asipojibu, litoke. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Futa pia, tena haraka kuliko vyote, maneno yanayowageuzia kibao watu wa asili ya nchi tunayopigana nayo ambao wana maduka hapohapo Kariakoo. Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1988 serikali yao iliomba radhi kwa sheria na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000.

Uhaini, uchochezi na usaliti ni kitu kimoja?

Hapana. Uhaini uko kwenye kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu: mambo kama kuipiga vita Jamhuri, kumsaidia adui wake, kutaka kumuua Rais. Adhabu yake ni kifo na hauna dhamana. Uchochezi uliwekwa kwenye Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ambayo yenyewe ilisema kuonyesha kwamba Serikali imepotoshwa au imekosea si uchochezi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliamua kwamba vifungu vyake vya uchochezi vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. "Usaliti" na "si mzalendo" ni maneno ya mdomoni. Hakuna hakimu anayeweza kumfunga mtu kwa kukosa uzalendo, na kila anayelitumia neno hilo kama hati ya mashtaka aulizwe: kifungu gani?

Nasoma sheria Mlimani. Rais akitangaza hali ya hatari, Ibara ya 18 ya uhuru wa maoni inasimama?

Haisimami yenyewe. Ibara ya 32 inataka tangazo liungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote; siku 14 zikipita bila azimio, linakufa. Likiungwa mkono linadumu miezi 6, na kuliongeza kunahitaji theluthi mbili tena. Ibara ya 31 nayo inaruhusu sheria ya Bunge kukiuka Ibara ya 14 na ya 15 tu, yaani haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi. Ya 18 haikutajwa.

Usitulie hapo. Mkosoaji akiwekwa kizuizini kwa kutumia mwanya wa Ibara ya 15, mdomo wake umefungwa na Ibara ya 18 haijaguswa. Na Ibara ya 30 inaruhusu sheria za kuwekea haki mipaka kwa ajili ya ulinzi wakati wowote, vita viwepo visiwepo. Hoja yako mahakamani itasimama au kuanguka kwenye 30. Jiandae pia na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Hauna kifungu cha kusimamisha haki wakati wa dharura, na Kamisheni ya Afrika ilishasema hivyo katika shauri dhidi ya Chad lililoamuliwa mwaka 1995.

Mwanangu ni askari. Akinisikia nalalamikia vita ananiambia namvunja moyo. Ninyamaze? (Mama, Kigamboni)

Usinyamaze, mama, ila anza na yeye. Mwambie kwa maneno haya haya: sikupingi wewe, nampinga aliyekutuma bila sababu ya kutosha. Kisha kumbuka kwamba yeye hana mdomo kama wako. Ibara ya 147 inamkataza kujiunga na chama, imemwachia kura yake tu, na nidhamu ya jeshi inamfunga mengine. Viatu vinavyoachia soli, majeruhi wanaochelewa kutolewa uwanjani, fidia ya mjane isiyofika: ni ninyi wa nyumbani mnaoweza kuyasema. Kwenye simu usimuulize yuko wapi wala wako wangapi.

Nakubali hoja zenu. Nataka kupinga kihalali. Naanzia wapi? (Ilala)

Anza kwa kuamua unapinga nini: kwenda vitani, namna vita vinavyoendeshwa, au fedha. Anayepinga vyote kwa sentensi moja hujibiwa kwa sentensi moja.

Kama ni fedha, bajeti ya ulinzi husomwa Bungeni kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Tafuta Fungu 38 la Ngome, yaani jeshi lenyewe, 39 la JKT na 57 la Wizara ya Ulinzi. Linganisha na mwaka uliotangulia, kisha mwandikie mbunge wako ukurasa mmoja wenye swali moja linalojibika. Barua za kurasa tano hazisomwi.

Ukihitaji takwimu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: ombi la maandishi kwa taasisi husika, jibu ndani ya siku 30. Wengi hukataliwa kwa sababu huuliza vikosi vimepelekwa wapi, na sheria inaruhusu kuficha hilo. Uliza jumla ya matumizi, au utaratibu wa kulipa fidia, na uliza kila jambo kwa ombi lake, ili likikataliwa moja lisizame na mengine.

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa ya maandishi polisi, kwa mkuu wa eneo hilo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na lengo. Usichague njia inayopita mbele ya kambi. Wakiuzuia, omba zuio kwa maandishi. Na barua yoyote unayopeleka, peleka nakala mbili. Yako irudi na mhuri wa mapokezi, tarehe na jina la aliyepokea, kwa sababu siku ya kubishana juu ya saa 48 hutakuwa na ushahidi mwingine.