Muulize Mchumi: "Amehama" si jibu

*Shikamoo mzee. Niko mwaka wa pili wa uchumi hapa Dodoma, nataka kujikita kwenye uhamaji na hela ambazo watu hutuma nyumbani. Baba anasema nitahitimu jambo ambalo hata mama analijua: mtu akienda mjini, atume. Wewe uliingiaje humo, na kuna nini cha kuchunguza? (Msomaji wa kike, Dodoma)*

Marahaba mwanangu. Baba yako ana hoja, maana mimi nilianza nikiwa sijui hata hicho anachokijua mama yako.

Mwaka 1996 nilikwenda Karagwe kukusanya takwimu za tasnifu, kwapani nimebana dodoso la kurasa kumi na nne, karibu lote kahawa. Nikikuta mlango umefungwa, au kijana niliyemtaka hayupo, naandika "amehama" pembeni, huyoo nyumba ya pili. Siku moja bibi mmoja akanipa kigoda, akanijibu weee, mwisho akachoka. "Mbona unauliza kahawa tu?" Akaonyesha juu. Bati lile halikutoka kwenye kahawa, lilitoka kwa mwanawe aliyekuwa akikata minofu ya sangara kiwandani Mwanza. Dodoso langu halikuwa na mahali pa kuandika Mwanza. Nikayaandika maneno yake nyuma ya karatasi, na karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Mkoani humo humo, Kagera, kaya 915 zilikuwa zimehojiwa kati ya 1991 na 1994, hasa kujua vifo vya UKIMWI vinaziachaje familia. Mwaka 2004 watafiti walirudi, lakini hawakuishia mlangoni: walimsaka kila aliyewahi kuhesabiwa kwenye kaya zile, hata kama yuko Uganda. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakalinganisha watu waliotoka nyumba moja. Waliohama, matumizi yao, yaani wanachokula na kununua, yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia kuliko ya wenzao waliobaki (tuseme ya wenzao yamepanda asilimia 10, yao 46). Ndio wale wale ambao mimi ningewaandika "amehama" nikaenda zangu!

Sasa njoo kwa mama yako. De Weerdt na Kalle Hirvonen walizitumia takwimu za watu hao hao kutazama nani humbeba nani. Wakakuta mzigo unaelekea upande mmoja: nyumbani kukiharibika, aliye mbali hujinyima, kwake kukiharibika, nyumbani hawatikisiki. Kujinyima huko humla asilimia 3 hadi 5 ya ukuaji wa matumizi yake. Mimi nilidhani ni zaidi, kwa jinsi ndugu tulio mjini tunavyolalamika. Mama yako anajua hela inakuja. Inamgharimu nini anayeituma, hilo halijui mpaka mtu amfuate huko aliko na kalamu.

Kwa hiyo soma takwimu mpaka zikuchoshe, ila likizo kaombe kukaa siku chache kwenye kibanda cha wakala wa hela za simu. Usiulize kitu. Sikiliza tu watu wanavyosema wanapotuma.

*Mwalimu, mtaani kwetu Mombasa kila nyumba ina mtu Saudia au Qatar. Mbona taarifa za Benki Kuu kuhusu hela zinazotumwa nyumbani huiweka Marekani mbele? (Msomaji, Kisauni)*

Wakenya wa Marekani ni wengi kweli, na muuguzi wa kule halipwi kama dada wa kazi wa Riyadh. Lakini pia kuna mambo ya vitabu vya hesabu. Hela ikitoka Doha huweza kupitia benki ya New York kabla ya kutua Nairobi, na anayeandika huandika mlango wa mwisho iliopitia. Tena ipo isiyopita popote: bahasha aliyokabidhiwa jirani anayekuja likizo, au bangili ya dhahabu mkononi mwa shangazi. Zilizoandikwa Kenya mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, bahasha na bangili hazimo.

Mwombe ndugu yako risiti yake ya mwisho. Usiishie kwenye ada, angalia na bei aliyobadilishiwa riyali, maana ndipo wanapomkata bila kelele. Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana gharama zote za kutuma ziwe chini ya asilimia 3 ya hela inayotumwa ifikapo 2030. Piga hesabu yake, kisha niandikie imetoka ngapi.