Jibu: Kwa nini Origen haitwi mtakatifu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Origen, mwanateolojia Mkristo wa karne ya tatu, hana sikukuu kanisani wakati aliteswa kwa ajili ya imani. Kilichomponza ni maandishi yake, tena miaka mingi baada ya kufa.

Alizaliwa Aleksandria, Misri, karibu na mwaka 185. Baba yake, Leonides, aliuawa katika mateso ya mwaka 202. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anasimulia kwamba kijana alitaka kumfuata baba yake kifoni, mama akamfichia nguo zote ili asitoke nyumbani. Mtu wa nusunusu hakuwa, tangu ujana.

Kazi yake kubwa ni Hexapla: Agano la Kale katika safu sita kando kwa kando, Kiebrania, kisha Kiebrania hicho kwa herufi za Kigiriki, halafu tafsiri nne za Kigiriki. Kwa vitabu vyake vya kufafanua Biblia, tajiri mmoja, Ambrose, alimlipia waandishi zaidi ya saba, wakipokezana zamu huku Origen akisema.

Tatizo liko kwenye kitabu chake kingine, Peri Archon. Humo aliwaza kwamba roho zilikuwapo kabla ya miili, na kwamba huenda mwishowe viumbe vyote vitarudi kwa Mungu. Mengi aliyaweka kama mambo ya kuchunguza, lakini wafuasi wa baadaye wakayashikilia kama mafundisho, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Constantinople wa 553 ukamlaani kwa jina. Mimi naona alionewa. Chini ya Decius, kaizari wa Roma aliyewatesa Wakristo, alifungwa, miguu ikanyooshwa kwenye mkatale, na hakukana. Alifariki miaka michache baadaye.

Ukitaka kumsoma, anza na jibu lake kwa Celsus, mpagani aliyeushambulia Ukristo.