Uliza Mhandisi: Kurve yangu ina meno kama msumeno

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho uinjinia mitambo, projekti yangu ni kusimyuleti kompositi (matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyogandishwa kwa epoksi) inavyobanduka matabaka, ile testi ya kuvuta mikono miwili ya kipande mpaka kinafunguka katikati. Natumia Abaqus, programu ya kompyuta inayogawa kipande kuwa vipande vidogo vidogo (elementi) na kuvipigia hesabu, nimepanga elementi za kohesivu, yani za kuigiza gundi, kati ya matabaka, kila moja urefu 2 mm, nguvu ya gundi 60 MPa, nishati ya kuifungua 0.26 N/mm. Sasa kurve (grafu ya nguvu ya kuvuta na jinsi mikono inavyoachana) inapanda kuliko ya maabara halafu inashuka meno meno kama msumeno, na mara nyingine programu inagoma kabisa. Supavaiza anasema "cheki meshi" basi, haongezi neno. Nisaidie, nina presentesheni mwezi ujao. (Mwanafunzi, Dar)

JIBU: Marahaba. Supavaiza wako yuko sahihi, shida ni meshi, yani huo mgawanyo wa elementi, ila mchoyo wa maneno.

Tuanze na chapati. Chapati ya kusukuma ukiishika pembeni ukaanza kuifungua matabaka haiachii yote kwa mpigo, pale unapovutia kuna kaeneo kadogo ambako unga umeshaanza kutanuka lakini bado umeng'ang'ania, mbele yake pazima, nyuma yake pameshaachana. Elementi za kohesivu kazi yao ni kukaigiza hako kaeneo: gundi inavutwa mpaka kikomo cha nguvu, hiyo 60 yako, halafu inalegea taratibu hadi sifuri, na eneo lililo chini ya hiyo grafu ndo nishati, hiyo 0.26. Wazo lenyewe la zamani sana, Dugdale aliliandika 1960 na Barenblatt 1962, wala laptop hazikuwepo.

Sasa kaeneo kako kana urefu gani? Kadirio la haraka: chukua ugumu wa kompositi upande wa kukatisha nyuzi, kwa kaboni na epoksi ni kama 9,000 MPa, zidisha kwa nishati, gawanya kwa skweya ya nguvu ya gundi. 9,000 × 0.26 ÷ 3,600, unapata 0.65 mm. Na elementi yako moja ni 2 mm! Yani kaeneo kote kamelala ndani ya elementi moja na nafasi inabaki, kwa hiyo elementi inashikilia, inashikilia, inaachia ghafla, hilo jino la kwanza, inayofuata nayo hivyo hivyo, jino la pili. Na kwa kuwa inachelewa kuachia, kilele kinapita cha maabara. Unataka angalau elementi 3 ndani ya kaeneo, so kama 0.2 mm hivi.

Najua, laptop italia. Kuna ujanja ambao Turon na wenzake waliuandika 2007: shusha nguvu ya gundi, nishati usiiguse. Ukiweka 30 badala ya 60 kaeneo kanarefuka mara 4, kanafika 2.6 mm, na elementi za 0.8 mm zinatosha. Kwa testi yako inakubali kwa sababu kipande tayari kina ufa wa kuanzia, ile karatasi nyembamba ya tefloni inayowekwa katikati wakati wa kutengeneza, na ufa ukishakuwepo kinachoamua usogee au usisogee ni nishati. Kipande kizima kisicho na ufa usikifanyie hivyo, kitabanduka mapema kwenye skrini wakati mezani bado kizima.

Programu ikigoma tena ongeza viskositi (mnato wa kuigiza unaofanya gundi isiachie ghafla kwenye hesabu), ila kiduchu, halafu punguza nusu uone kama kurve inabadilika. Nimeona watu wanaijaza mpaka kurve inakuwa laini kama hariri na namba zote ni uongo. Na hiyo 0.26 umeitoa wapi? Kama ni ya pepa ya mtu mwenye resini nyingine, maabara haitakubaliana na wewe hata meshi ikiwa nyembamba kama nywele.

SWALI: Mwalimu mie fundi wa boti za faiba hapa Mombasa, sina kompyuta ya hayo mambo. Nitajuaje matabaka yameachana kabla boti haijaanza kula maji? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Fundi, chukua sarafu gonga gonga bodi yote. Penye uzima panatoa mlio mkali, palipoachana panatoa mlio butu, wa mfu. Chora mpaka kwa chaki, andika tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa. Mpaka ukitanuka usisubiri, hasa kama ni sehemu inayobanwa boti ikipigwa na mawimbi, maana tabaka lililoachana likibanwa linabinuka kwa nje na lenyewe ndo linaufungua ufa zaidi.