Umeitwa kutunga densi za jukwaani? Kubali

Mdogo wangu, nimekusoma: unafundisha densi shuleni hapo Kisumu, sasa umeitwa kutunga densi za mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, nawe unaogopa. Kubali. Bob Fosse, mtunzi wa densi na mwongozaji wa Marekani, alianza kama mchezaji tu. Mwaka 1973 akatwaa tuzo za Oscar (filamu), Tony (jukwaa) na Emmy (televisheni).

Soma hadithi kwanza, hatua zimfuate mhusika. Isukuti, ngoma ya Waluhya, huchezwa harusini na matangani, lakini mabega ya bwana harusi si ya mfiwa. Jukwaani, cheza kwa ajili ya aliyeketi nyuma kabisa. Kwenye filamu kamera ndiyo huchagua kitakachoonekana, hivyo mpiga picha aje mazoezini.

Mkataba uandikwe mapema, siku za mazoezi zilipwe. Mimi niliamini maneno matupu, nikaondoka mikono mitupu. Wakili ausome kabla hujatia sahihi. Na mchezaji akiteguka goti, msimamishe, aende hospitali.