Usiulize Kutu ni Nyingi Kiasi Gani, Uliza Iko Wapi

Gari la kwanza nililonunua kwa nia ya kulifufua lilikuwa linang'aa. Rangi mpya, matairi yamepakwa weusi, injini inawaka ukigusa tu ufunguo. Wiki ileile nikalipiga jeki ubavuni ili nitoe gurudumu la nyuma, nikasikia mlio kama wa mtu anayekanyaga biskuti. Jeki inapanda, gari halipandi: kichwa cha jeki kilikuwa kinatoboa bati. Nikaihamishia chini ya ekseli ya nyuma. Safari hii gari likanyanyuka, lakini mlango niliokuwa nimeuacha wazi ukakataa kufunga. Bodi ilikuwa imejipinda, maana kilichoishikilia ubavuni ni puti ya kuzibia mashimo, magazeti yaliyokunjwa na rangi.

La pili lilikuwa la kahawia kuanzia boneti hadi buti, na kila aliyeliona alinicheka. Hilo ndilo lililokuja kutembea. Kutu yake yote ilikuwa kwenye madigadi, boneti na milango, vitu unavyofungua bolti ukaweka vingine. Kwenye mifupa yake bisibisi iligonga ikalia "ngo!", bati zima.

Kwa hiyo kwanza ujue mifupa ya gari unalolitazama iko wapi. Magari mengine yana chasisi kamili, yaani fremu ya chuma chini, bodi imekalishwa juu yake tu. Mengine, kama Mini ya mwaka 1959 au Mercedes W123 iliyozinduliwa mwaka 1976, hayana chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Hapo vizingiti vya chini ya milango si pambo. Ni mabati yaliyokunjwa na kuungwa yakawa kama sanduku refu, la nje, la ndani, na mara nyingi jingine katikati, na ndiyo yanayozuia gari lisikatike kiuno. Sanduku hilo likiingia maji na matope, linaoza kuanzia ndani. Ukiona tundu nje, ndani kumeshakwisha zamani.

Land Rover za zamani huwadanganya wengi. Tangu mwaka 1948 bodi yake ni ya alumini, na muuzaji atakwambia "hii haili kutu". Ni kweli kwa sehemu anayoigonga kwa kidole. Chasisi ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Lala chini, utazame chasisi upande wa nyuma na mikono yake ya pembeni. VW Beetle nayo ina yake: betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi ikimwagika miaka mingi, sakafu ya pale hugeuka chapati. Isitoshe, vizingiti vyake ndiyo mifereji inayopeleka hewa ya joto mbele, kwa hiyo vikioza umepoteza joto na nguvu ya bodi kwa pamoja.

Siku ya kwenda kulitazama, beba bisibisi bapa, tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na kadibodi ya kulalia. Nenda mchana, gari likiwa kavu. Maji hufanya rangi mbovu ing'ae, nami nikikuta gari limeoshwa dakika tano zilizopita, nasubiri likauke. Omba ruhusa kabla hujadunga kitu. Muuzaji akikataa usiguse chini kabisa, ameshakujibu.

Kabla hujagusa lolote, simama mbali uangalie nafasi kati ya mlango na bodi. Ikiwa ni nyembamba juu na pana chini, gari limelegea katikati. Kisha fungua mlango polepole: ukidondoka kidogo, huenda ni bawaba zimelika, jambo dogo, lakini shika mlango uunyanyue, uone kama kinachocheza ni bawaba au ni nguzo nzima iliyoshikilia bawaba. Nguzo ikicheza, funga mlango kwa adabu, shukuru, ondoka.

Halafu pitisha sumaku chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu, na pembe za madigadi. Inapong'ang'ania kuna chuma. Inapoteleza na kudondoka kuna puti nene. Puti nyembamba haina ubaya, hakuna aliyenyoosha bodi bila hata kidogo; tatizo ni puti iliyogeuzwa bati. Kwenye alumini sumaku haikusaidii kitu, hapo tumia jicho na mlio wa kugonga.

Uvimbe wa rangi unataka subira. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana inasukuma rangi juu. Uvimbe mdogo kama punje ya dengu, ulioanzia kwenye mkwaruzo, huenda ni wa juujuu. Ukiwa kwenye ukingo wa tao la gurudumu, au mahali mabati mawili yalipounganishwa, umetoka upande wa pili. Niliwahi kubonyeza mmoja kwa ncha ya bisibisi, bila nguvu, ikazama hadi kwenye mpini na unga mwekundu ukamwagika kiatuni. Rangi pekee ndiyo iliyokuwa imebaki.

Lami mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari kuukuu naiogopa kuliko kutu yenyewe. Kutu inajionyesha, lami inaficha. Ikwangue kidogo pale springi na shokomzoba zinapofungwa kwenye bodi, mbele na nyuma. Fungua boneti utazame pia vichwa vya shokomzoba. Hapo sitanii wala sipatani bei: mahali hapo pakikatika barabarani, gurudumu linabadilisha mwelekeo bila kukuuliza. Mabomba ya breki yaliyochubuka kwa kutu, kwa upande mwingine, yasikutishe. Hayo utayabadilisha hata hivyo.

Ndani, inua zulia. Likiwa na unyevu, fuata maji yanakotoka. Mara nyingi ni pembe za chini za kioo cha mbele, ambako mpira umekakamaa na fremu chini yake imeoza. Kurekebisha fremu hiyo ni kazi ndefu kuliko inavyoonekana, kwa sababu lazima kioo kitoke, na dashibodi nayo mara nyingi inabidi itoke.

Injini huwatia watu wasiwasi bila sababu. Ikiwa haiwaki, toa plagi, weka spana kwenye bolti ya mbele ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zungusha kwa mkono. Ikizunguka, vizuri. Ikiwa imeganda, hesabu kwamba umenunua gari lisilo na injini, upatane kwa msingi huo. Mashine hufunguliwa ikajengwa upya; bati ndilo linalokula miezi. Na usikadirie kazi kwa ukubwa wa tundu unaloliona. Huwezi kuchomelea juu ya kutu, lazima ukate hadi ufike kwenye bati zima, na tundu la kidole huishia kuwa la kiganja, wakati mwingine la sinia.

Ndiyo sababu kabla ya kupatana natafuta kwanza kama mabati ya gari hilo bado yanatengenezwa. Beetle zilitoka zaidi ya milioni 21 hadi mwaka 2003, na vipande vyake vipo. Gari lililotoka machache, kizingiti utakikunja mwenyewe kwa mkono. Tena wengi hukwama kwenye vitu wasivyovifikiria: mpira wa mlango, kioo cha pembeni, urembo wa nikeli. Gari lisilokamilika lazima bei yake iwe chini zaidi kuliko moyo wako unavyotaka kukubali.

Kabla ya kutoa pesa, tafuta namba ya chasisi mahali ilipogongwa kwenye chuma, safisha kwa brashi ya waya taratibu, uisome herufi kwa herufi ukilinganisha na karatasi. Nilishaacha gari zuri, sakafu nzima, milango imekaa sawa, kwa sababu pale palipotakiwa kuwa na namba palikuwa na kiraka kipya kilichochomelewa, na muuzaji hakujua ile ya zamani imekwenda wapi.