Nani aliyeuandika Waraka kwa Waebrania, na uliandikwa lini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilipokuwa nikifundisha Waebrania 11 nilisema, "Paulo anatuambia kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo." Kijana mmoja akasimama akasema kuwa Paulo hakuuandika waraka huo, na kwamba mwandishi wake hajulikani. Nilikosa la kumjibu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, uliandikwa lini, nasi tunauaminije?

JIBU: Amina, mama. Kijana huyo hakukosea, wala hajaidharau Biblia. Nadhani ameisoma kwa makini kuliko wengi wetu tunaosimama mimbarani. Nyaraka zote 13 zenye jina la Paulo huanza kwa jina hilo, ilhali Waebrania huanza moja kwa moja na Mungu, "ambaye alisema zamani na baba zetu katika manabii", bila salamu na bila kumtaja anayeandika.

Hata hivyo, ukimya huo peke yake usingenitosha. Kinachonishawishi zaidi ni Waebrania 2:3, ambapo mwandishi anasema kwamba wokovu ulinenwa kwanza na Bwana, kisha "ukathibitika kwetu na wale waliosikia". Anajihesabu miongoni mwa waliopokea Injili kwa mikono ya wengine. Sasa mlinganishe na Paulo katika Wagalatia 1:12, anayesisitiza kwa ukali kwamba Injili hakuipokea kwa mwanadamu, bali kwa ufunuo wa Yesu Kristo. Mtu aliyeutetea utume wake kwa hoja hiyo ni vigumu sana kuamini kwamba ndiye aliyeandika ule mstari wa Waebrania.

Wala swali hili halikuletwa na wasomi wa siku hizi. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, aliona tofauti ya lugha, akaeleza kwamba Paulo aliuandika kwa Kiebrania na Luka akautafsiri kwa Kiyunani. Origene, mwalimu mwingine aliyefuata baadaye katika mji uleule, alisema kuwa mawazo ni ya mtume lakini maneno ni ya mtu mwingine, na kwamba aliyeuandika Mungu ndiye amjuaye kwa hakika. Maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa. Kule Karthago, Afrika Kaskazini, mwandishi Mkristo Tertuliano alimtaja Barnaba. Martin Luther, mwanamatengenezo, alimfikiria Apolo, Myahudi wa Aleksandria aliyekuwa hodari katika Maandiko (Matendo 18:24). Mwaka 1900 Harnack, msomi Mjerumani, alimpendekeza Prisila, mke wa Akila, ila katika Waebrania 11:32 mwandishi anajitaja kwa umbo la Kiyunani la mwanamume, jambo ambalo tafsiri yetu ya Kiswahili haiwezi kulionyesha. Mimi binafsi namwona Apolo kuwa anafaa kuliko wengine, lakini kufaa si ushahidi, na sitamfundisha mtu jina hilo kana kwamba limeandikwa.

Kuhusu wakati, tuna mpaka mmoja ulio wazi. Barua ya kanisa la Roma kwa Wakorintho, iitwayo ya Klementi wa Roma (si yule wa Aleksandria), ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 96, inatumia maneno ya Waebrania sura ya 1; basi waraka ulikuwapo kabla ya hapo. Je, ulikuwapo kabla ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70? Wengi hutaja kwamba dhabihu zinazungumzwa kana kwamba bado zinatolewa. Hoja hiyo, ikisimama peke yake, ni dhaifu, kwa kuwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi, naye alieleza ibada ya Hekalu vivyo hivyo miaka mingi baada ya kubomolewa, na zaidi ya hayo Waebrania huzungumzia hema ya jangwani, si Hekalu. Lakini 10:2 inauliza kama dhabihu zisingekoma kutolewa iwapo zingeweza kuwakamilisha waabuduo. Baada ya mwaka 70 swali hilo lingejibiwa kirahisi mno: zimekwisha koma! Kwa sababu hiyo naegemea upande wa wanaouweka kabla ya mwaka huo, wakati Timotheo, anayetajwa katika 13:23 kuwa amefunguliwa, alikuwa angali akisafiri.

Unauliza tunauaminije. Mama, waraka huu haukudai popote kuwa ni wa Paulo, kwa hiyo hakuna uongo uliofichuliwa. Ni kweli kwamba jina la Paulo liliusaidia: Athanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367 alihesabu nyaraka 14 za Paulo, na kanisa la Magharibi, lililosita kwa muda mrefu, likaja kukubali. Lakini Roma ilikuwa imeutumia waraka huo karne mbili na zaidi kabla ya hapo bila kumtaja mtume yeyote, kwa sababu ya kile ambacho waraka wenyewe unasema juu ya Kristo, Kuhani Mkuu aliyejitoa mara moja tu.

Jumapili ijayo mwite kijana huyo mbele, umwombe asome Wagalatia 1:12, nawe usome Waebrania 2:3. Kisha rudini kwenye sura ya 11, na safari hii useme, "Mwandishi wa Waebrania anatuambia."